Sura ya Nne: Bingwa Yuko Ng'ambo ya Maji

Nansio ni makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, na Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Ukiugua malaria hapa, utapimwa na kutibiwa hapa hapa. Ukivunjika mkono, Hospitali ya Wilaya ipo. Lakini ukishikwa na wasiwasi usiokwisha, ule unaokaa miezi mingi, unaoamka kabla yako na kulala baada yako, huenda ukapewa barua ya rufaa uende Mwanza, katika Hospitali ya Kanda ya Bugando au ya Mkoa ya Sekou Toure, ukaonane na daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia. Kati ya siku unayopewa barua na siku ya miadi zinaweza kupita wiki, pengine miezi. Na katikati yapo maji: safari ya meli ya saa tatu hivi kutoka Nansio hadi Mwanza, au kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, kisha basi la kuzunguka kupitia Bunda.

Siku hizo za katikati hazihesabiwi na mtu. Hospitali itaanza kukuhesabu utakapofika dirishani na barua yako. Kabla ya hapo unaonekana mzima, unakwenda sokoni, unasalimia watu, unapika. Kwa wengi hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote: mtu ameshakubali kwamba anaumwa, na matibabu hayajaanza.

Nina jambo moja la kusema katika sura hii. Wasiwasi hausimami kungoja miadi yako. Hulishwa kila siku na mambo madogo tunayoyafanya ili kuukimbia, na mambo hayo yanaweza kuanza kubadilishwa leo, Nansio, kabla bingwa hajakuona. Haja ya bingwa inabaki palepale. Tofauti ni kwamba utamfikia ukiwa umeshaanza safari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba kati ya wanne wanaohitaji matibabu, anayeyapata ni mmoja hivi. Hapa kwetu sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, ilhali madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wa nchi nzima wanahesabika kwa makumi. Kwa hiyo anayengoja Nansio hayuko peke yake, wala hangoji kwa sababu amekosea mahali.

Giza la dagaa

Tusianze kwa kumwambia mtu wa Ukerewe kwamba anaogopa bure. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora kuelekea Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza umbali mdogo kufika gatini. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Miaka 22 kabla ya hapo, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakapoteza maisha. Karibu kila ukoo wa visiwa hivi na pwani hii una jina lake katika misiba hiyo miwili, au unamjua mwenye jina. Ongeza dhoruba za ziwani, ambazo hupenda kuja usiku, wakati ule ule mitumbwi ya dagaa iko kazini.

Hofu ya namna hiyo ina sababu, na ina kazi. Humfanya nahodha arudi mapema akiona wingu, na humfanya mama ambakize mtoto nyumbani siku chombo kinapojazwa kupita kiasi. Hofu ikishafanya kazi yake, hupoa. Wasiwasi wa ugonjwa haupoi.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Nimemtengeneza kwa mambo ambayo aliyekaa pwani ya ziwa hili atayatambua. Mume wake huvua dagaa, yeye huwaanika na kuwauza. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na wavuvi hupumzika. Miaka ya mwanzo hofu ya mama huyu ilifuata mwezi. Giza likiingia, usingizi ulimruka mpaka asikie sauti za wanaume ufukweni alfajiri. Mwezi ukipevuka, alilala vizuri. Siku hizi mwezi unawaka, mume anakoroma pembeni yake, na moyo wake unadunda vilevile. Anawaza dhoruba, akitoka hapo anawaza ada ya mtoto, akitoka hapo anawaza kwamba moyo wenyewe utasimama. Hofu iliyokuwa na ratiba imepoteza ratiba yake. Mambo yakiwa hivi karibu kila siku kwa miezi kadhaa, pamoja na mwili kukaza, usingizi kukatika na akili kushindwa kutulia, huo ni ugonjwa, nao una matibabu.

Mwili huwa wa kwanza kulalamika. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, koo linabana, tumbo linachafuka, shingo inakuwa ngumu kama ubao. Mama wetu alikwenda zahanati akidhani ni presha. Siku nyingine alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Mwishoni aliambiwa maneno ambayo wagonjwa wengi wa wasiwasi huambiwa: vipimo viko sawa, huna ugonjwa. Ningependa maneno hayo yaachwe katika kila chumba cha daktari. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba moyo hauna kasoro, na hiyo ni habari njema, lakini mtu asiyelala kwa miezi anaumwa.

Vipimo vyenyewe ni muhimu, na wakati wa kuvifanya ni huu wa kungoja. Upungufu wa damu huufanya moyo uende mbio, na Ukerewe kichocho na minyoo ni maradhi ya siku nyingi ambayo huchangia kumaliza damu. Tezi ya shingoni ikitoa homoni kupita kiasi huleta kutetemeka, jasho na moyo wa kasi unaofanana kabisa na wasiwasi. Sukari ikishuka, hali ni hiyo hiyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila duka, pamoja na kahawa nzito ya usiku, humwongezea mwenye wasiwasi mapigo asiyoyahitaji. Pombe hutuliza saa mbili tatu, kisha humwamsha mtu usiku wa manane akiwa na hofu kubwa kuliko aliyolala nayo. Pima mara moja, pima vizuri, weka majibu kwenye bahasha utakayokwenda nayo Mwanza. Ukishapima, usirudie kipimo kile kile wiki ijayo ili upate kutulizwa. Sababu nitaieleza sasa hivi, maana ndiyo kiini cha sura.

Simu ya saa nne usiku

Mama wetu humpigia mume simu saa nne usiku. Akipokea, anashusha pumzi. Saa sita anapiga tena, na saa nane. Mtandao ziwani hukatika, na akisikia ile sauti kwamba namba haipatikani kwa sasa, usiku wote umeharibika. Ukimuuliza kwa nini anapiga, atakujibu kwamba simu humtuliza. Ni kweli, humtuliza. Lakini tazama kinachofuata. Nafuu ya simu ya saa nne inadumu dakika chache, halafu mwili unadai nyingine. Kila nafuu inaufundisha mwili kwamba hatari ilikuwepo, na kwamba simu ndiyo iliyoizuia. Kesho yake mwili utadai simu mapema zaidi. Kwa njia hiyo kitu kilichoanza kama faraja kinageuka chakula cha ugonjwa.

Kukwepa hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mtu aliyeshikwa na hofu kali sokoni huacha kwenda soko hilo, na siku hiyo anajisikia vizuri. Mwezi ujao anaacha na kanisa, kwa kuwa nako kuna watu wengi. Hakuna aliyemwambia kwamba moyo wake ungetulia wenyewe kama angebaki pale pale nusu saa. Hajawahi kukaa mpaka mwisho akaona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya siku za kungoja ni kujichunguza: ni kitu gani nakifanya ili nipate nafuu ya dakika tano? Kwa mmoja ni simu. Kwa mwingine ni kujipima mapigo ya moyo kila saa, kumuuliza mume kama nitakufa, kutafuta dalili kwenye intaneti, kukaa karibu na mlango. Ukishakijua, kipunguze kwa mpango. Mama wetu anaweza kukubaliana na mume wake simu moja tu: mitumbwi ikifika ufukweni, kabla hata ya kushusha dagaa, yeye ndiye atakayepiga. Kabla ya hapo hakuna kupigiana, isipokuwa kuna dharura ya kweli. Sitakudanganya kuhusu siku za mwanzo. Wasiwasi hupanda pale unapounyima mlinzi wake. Kwa wengi hushuka polepole usiku unavyorudiwa, na kushuka huko ndiko mwili unakojifunza kitu kipya.

Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walichapisha utafiti wa jambo dogo sana. Waliwaomba watu wenye mawazo yasiyokwisha watenge nusu saa kila siku, saa ile ile na mahali pale pale, wakae wawaze kwa makusudi. Mawazo yakija nje ya saa hiyo, wayaahirishe. Baada ya wiki nne, muda waliokuwa wakiupoteza kwa mawazo ulikuwa umepungua. Mbinu hii haihitaji umeme wala nauli, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza kujaribiwa na mtu anayeishi kisiwani.

Hivi ndivyo inavyoweza kufanyika Nansio. Saa kumi na moja jioni, dagaa wameshakusanywa, jiko halijawashwa. Kaa kwenye mkeka nje, popote isipokuwa chumbani unakolala, na daftari la shule la mtoto. Andika kila kinachokusumbua. Kisha yapitie yale uliyoandika na kwa kila moja jiulize: kuna la kufanya? Ada imebaki, lipo la kufanya, Jumatatu nitakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kulipa kwa awamu. Paa linavuja, lipo. Itakuwaje mume akizama mwaka huu? Hapo hakuna la kufanya jioni hii zaidi ya yale mliyokwisha kukubaliana kuhusu jaketi la kuokolea na utabiri wa hali ya hewa. Liandike, liache lilale daftarini. Nusu saa ikiisha, funga daftari, washa jiko. Wazo hilo litarudi saa saba usiku, hilo halina shaka. Usigombane nalo. Liambie limesikika na nafasi yake ni kesho saa kumi na moja. Mara ya kwanza utajiona mjinga. Endelea.

Kuhusu kupumua nitasema kifupi, kwa kuwa watu wengi wameshaambiwa wapumue. Vuta hewa taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, rudia dakika kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo, hiyo ni kazi ya mishipa ya fahamu na haitegemei imani yako. Jizoeze asubuhi ukiwa mtulivu, ili siku ya shida mwili uwe unaijua njia. Na usingizi ukigoma, usibaki kitandani ukigeuka. Amka, kaa sebuleni na kazi isiyo na haraka, kuchambua maharage au kusuka ukili, urudi kitandani macho yakianza kulemea. Saa ya simu usiitazame.

Kuelekea gati

Kwa mama wetu kuna fundo moja zaidi, na nadhani ni la watu wengi wa Ukerewe. Matibabu ya hofu yake yako ng'ambo ya kile anachokiogopa. Siku ya miadi itafika, meli itafunga gati, na yeye hatapanda. Jina lake litaitwa kliniki na litarukwa. Hakuna atakayejua kwamba kukosa kwake kulikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, aliyewahudumia askari wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hakuridhika na jinsi walivyokuwa wakitibiwa. Alianza kumsogeza mgonjwa hatua kwa hatua kuelekea kile anachokiogopa, kuanzia kilicho chepesi kabisa, na mwaka 1958 alichapisha kitabu kuhusu njia hiyo. Wataalamu waliomfuata wameibadilisha na kuiboresha, lakini wazo la kuikaribia hofu kwa ngazi limebaki kuwa miongoni mwa tiba zenye ushahidi mwingi.

Ngazi za mama wetu zinaweza kuwa hizi. Wiki ya kwanza anakwenda gatini wakati hakuna meli, anakaa na mwenzake mpaka moyo utulie wenyewe, ndipo aondoke. Asiondoke katikati ya hofu, maana ataondoka nayo. Siku nyingine anakwenda meli ikishusha abiria. Kisha anapanda bodaboda hadi Rugezi kukiangalia kivuko kikija na kuondoka. Halafu anavuka kwenda Kisorya na kurudi, safari fupi, akiwa na mtu. Halafu anavuka tena, na tena. Kila ngazi irudiwe mpaka imchoshe kabla ya kupanda inayofuata. Mwanza iwe ngazi ya mwisho.

Hapa lazima tutenganishe wasiwasi na tahadhari, na nawaomba wenyeji wasiiache tahadhari hata chembe. Kutazama kama chombo kimejaa kupita kiasi, kujua jaketi la kuokolea liko wapi, kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kukataa kupanda ukiona mambo si sawa: hiyo ni haki ya kila abiria wa ziwa hili, na imelipiwa kwa maisha ya watu 228. Tahadhari hufanyika mara moja kabla ya safari, ikaisha. Ukishapata jibu na bado unamuuliza baharia swali lile lile mara tano, hapo anayeuliza ni wasiwasi.

Na kama wewe mwenyewe ulikuwamo ndani ya MV Nyerere, au ulipokea mwili wa mtoto wako pale Bwisya, na mpaka leo unaiona siku ile usiku kama inatokea upya, usizipande ngazi hizi peke yako. Jeraha lako linahitaji mtu aliyefundishwa, akae nawe. Mbinu nyingine za sura hii unaweza kuzitumia. Hii iache mpaka umwone mtaalamu. Kama maji yamekuwa ukuta kabisa, waeleze hivyo hospitalini Nansio kabla ya tarehe ya miadi. Hilo nalo ni dalili, liandikwe kwenye barua.

Anayekaa nawe

Katika mwaka 2005 Dixon Chibanda, daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Binti yule alitakiwa kurudi hospitalini Harare. Mama yake alimweleza daktari kwamba walishindwa kupata nauli ya basi, dola 15. Nikiisoma habari hiyo nauona mlango wa kila kaya ya Ukara na Irugwa ambayo tiketi ya meli ni lazima iuziwe kuku.

Chibanda hakungoja madaktari waongezeke. Mwaka 2006 alianza kuwafundisha kina bibi wa mtaa wa Mbare, wanawake wazima waliokuwa tayari wakifanya kazi za afya ya jamii, jinsi ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kulichambua tatizo moja moja. Walikaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, katika huzuni na katika wasiwasi pia. Benchi hilo limeshafika Zanzibar. Nairobi, wahudumu wa jamii wasio wataalamu wamefundishwa kutoa mafunzo ya vikao vitano kwa wanawake waliopitia ukatili, wakapata nafuu. Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya Rhino, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walisikiliza mafunzo ya kukabiliana na msongo kwa sauti iliyorekodiwa, wakiwa kwenye vikundi, na dhiki yao ikapungua. Hawa si watu wa mbali. Ni majirani zetu, na maisha yao hayana nafasi zaidi ya yetu.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja. Anaweza kuwa shangazi, jirani mnayeanika naye dagaa, mama mchungaji, mzee wa msikitini. Mweleze ukweli: nina ugonjwa wa wasiwasi, nimepewa rufaa, nangoja. Mpe na kazi yake, kwa sababu mtu mwenye upendo asipojua kazi atakuambia usijali mara mia, nawe utazidi kumuuliza. Mwenzi mzuri husema hivi: "Dada, kama atarudi salama mimi sijui, na sitakudanganya. Ila leo nalala hapa kwako, tutakunywa chai mpaka mitumbwi irudi." Kukaa pamoja bila kuahidi kisichojulikana ni msaada mkubwa kuliko maneno mengi ya kutuliza.

Sala nayo ina nafasi yake, na sioni sababu ya kumtaka mwamini achague kati ya sala na kliniki. Kiongozi wa dini mwenye busara atakuombea na atakukumbusha tarehe yako ya Bugando. Mganga anayekusikiliza na kukuruhusu uendelee na hospitali hajakudhuru. Jihadhari na yeyote, awe na kitabu cha dini au tunguri, anayekutajia jirani kuwa ndiye anayekuroga. Huyo amekupa hofu ya pili, na Kanda ya Ziwa tunajua bibi vizee wangapi wamezikwa kwa sababu ya kutajwa.

Duka la dawa nalo linahitaji tahadhari. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, hutuliza haraka sana, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ukiizoea wiki kwa wiki, mwili huidai, na ukiiacha ghafla wasiwasi hurudi kwa nguvu, pengine na degedege. Usiinunue bila daktari. Na kama umeshaitumia muda mrefu usiikate siku moja, mwone daktari akupunguzie. Dawa ambazo bingwa huandika kwa ugonjwa huu mara nyingi huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi. Kujua hilo mapema kutakusaidia usizitupe siku ya tano.

Ipo hali moja ambayo haingoji tarehe yoyote. Ukianza kuwaza kujiua, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukishindwa kula na kunywa, nenda hospitali ya Nansio leo hii, hata kama ni usiku, na mtu akusindikize. Wewe uliye karibu na mtu wa namna hiyo, usimwache peke yake, na uiondoe nyumbani sumu ya panya na dawa za kuulia wadudu. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kufa hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulisema.

Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Naiomba Halmashauri ya Ukerewe na Wizara ya Afya wahakikishe kwamba watakaohudumu visiwani wanafundishwa yale waliyofundishwa kina bibi wa Mbare, na kwamba bingwa wa Mwanza anakuja Nansio kwa siku inayojulikana, maana ni rahisi daktari mmoja kuvuka maji kuliko wagonjwa wote anaowahudumia.

Na wewe mwenye barua mkononi, usiondoke dirishani bila kuuliza mambo manne: tarehe kamili ya miadi, siku za kliniki hiyo, namba ya kupiga hali ikibadilika, na kama unaweza kuitwa mapema nafasi ya mwingine ikipatikana. Yaandike nyuma ya daftari lile la saa kumi na moja, pamoja na dawa ulizowahi kunywa, usiku ulipoamka na ngazi ulizokwisha kupanda. Bingwa atakuwa na dakika chache na wewe. Mpe daftari, alisome.